Maji mapya kwa kila kuku

Ni siku ya soko mjini Siakago, na Bi Kajuju ana kuku mwekundu kwapani. Anampapasa kifua kwa vidole viwili, anamgeuza, kisha anapuliza manyoya ya tumboni ili mteja aone ngozi.

"Huyu ni wa kienyeji kabisa, mama. Ona miguu. Huyu ametembea."

Mteja, mwanamke aliyebeba kiondo chenye nyanya na sukuma wiki, anacheka na kukubali. Kajuju anampeleka kuku nyuma ya kibanda. Baada ya kumchinja anamimina maji ya moto kwenye beseni tupu, anamnyonyoa, kisha anampasua juu ya meza fupi na kutumbukiza matumbo kwenye ndoo yenye kifuniko.

Hapo anasimama. Anakwenda kwenye pipa la buluu lenye mfereji, anapaka sabuni hadi viwikoni, anasugua kucha, anasuuza. Ndipo anakuja kwenye meza ya pili kumkatakata kuku yule vipande.

"Dada, kwani mikono unaosha mpaka lini? Mimi niko na haraka," mteja analalamika.

"Mpaka ikubali," anajibu Kajuju bila kuinua kichwa.

Anafunga nyama kwenye mfuko wake peke yake na kumkabidhi. "Hii usiweke pamoja na hizo nyanya, mama. Na usiioshe kwa karai la vyombo, maji yataruka kila mahali. Pika mpaka karibu na mfupa kusibaki wekundu."

Mteja anageuza macho kwa ajuza aliyekaa kando ya kibanda kwenye kiti cha plastiki, shuka mabegani ingawa jua linachoma. Labda anatafuta mtu wa kumuunga mkono.

"Msikize," ajuza anamwambia. "Mimi hilo somo nililipia kwa tumbo langu."

Huyo ni Bi Weveti, mama mkwe wa Kajuju. Ndiye aliyeanzisha kibanda hiki, wakati mumewe alipofariki na kumwachia watoto wadogo. Ndiye pia aliyemfundisha Kajuju kila kitu kuhusu kuku, pamoja na mambo ambayo wote wawili walilazimika kuyasahau.

Kajuju, mwenye umri wa miaka 38, alizaliwa Laare, katika milima ya Nyambene. Mama yake alifariki Kajuju akiwa darasa la sita. Alilelewa na shangazi, na alipomaliza shule ya msingi alianza kufunga miraa kwa majani ya ndizi pamoja na wanawake wa kijijini.

Alikutana na mumewe, Kivuti, wakati fundi huyo wa mawe alipopata kazi ya kujenga ukumbi wa kanisa karibu na Laare. Kazi ilipokwisha, Kivuti alirudi kwao Siakago na mke.

"Nilifika huku nikashangaa jua," anasema Kajuju. "Kwetu asubuhi unavaa sweta. Hapa sweta ni ya kufunikia mtoto mgonjwa. Na nikiongea Kimeru changu kwa Kimbeere chao, watu wanacheka mpaka wanashika ukuta."

Aliyekuwa hacheki ni Weveti. Siku chache baada ya wao kufika alimwambia bibi arusi huyo avae viatu vya kutembea, wakaenda sokoni pamoja. Alimwonyesha namna ya kumtambua kuku mwenye mayai, namna ya kumshika mabawa asijipige, na namna ya kumnyonyoa ngozi isichanike.

"Nikikosea, ananiambia 'rudia, mwari'. Mwari kwao ni binti," anasema Kajuju. "Hakuna mtu alikuwa ameniita hivyo tangu mama aende. Mimi nasema huyu alinizaa mara ya pili, na hiyo mara ya pili nilikuwa nimekuwa mkubwa, kwa hivyo naikumbuka."

Kwa miaka mingi walifanya kazi bega kwa bega. Siku ya soko njema waliuza kuku ishirini hivi, na hoteli kadhaa za mjini zilitegemea kibanda chao. Kazi hiyo ilisomesha watoto watatu wa Kajuju.

Namna ya kufanya kazi ilikuwa ile ile waliyoitumia wauzaji wengine wote. Kwenye sufuria moja ya maji ya moto walitumbukizwa kuku mmoja baada ya mwingine hadi maji yawe mazito. Ndoo moja ya maji baridi iliwasuuza wote. Kigogo kimoja cha mti kilitumika kupasulia na kukatia. Kitambaa kimoja kilifuta kisu, meza na mikono.

Si uvivu. Siakago ni sehemu kavu, na maji ya sokoni hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni. "Ukimwaga maji hapa watu wanakuangalia kama umemwaga maziwa," anasema Kajuju.

Mwezi wa pili mwaka jana ukame ulikuwa mkali. Maji yalipungua, na ndoo ya kusuuzia ikawa inakaa tangu asubuhi mpaka wafunge.

Weveti alikuwa na mapenzi yake ya siku zote: firigisi. Mchana akiona wateja wamepungua, aliziweka juu ya makaa, akazigeuza mara moja mbili, akazila zikiwa bado laini katikati. Kando yake aliweka kachumbari, nyanya na vitunguu alivyokatia pale pale kwenye kigogo baada ya kukifuta kwa kitambaa.

"Ilikuwa raha yake," anasema Kajuju. "Na mimi nilikuwa nafurahi kumwona akila. Mtu mzima akikula vizuri, nyumba inatulia."

Asubuhi moja, baada ya mlo kama huo jana yake, Weveti hakuamka kufungua banda la kuku. Kajuju alimkuta amejikunja kitandani, mwili unawaka moto na tumbo linamkata. Walidhani ni malaria. Kivuti akakimbia duka la dawa kununua vidonge.

Vidonge havikusaidia. Ajuza alianza kuhara, na baadaye kuhara damu. Chai aliyonyweshwa aliitapika. Kesho yake hakuweza kusimama, na midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Nikamuita, 'Mami! Mami!' Akafungua macho lakini akaniita jina la dada yake aliyekufa zamani," anasema Kajuju. "Hapo nikajua huyu ananitoka."

Alimfunga mgongoni kwa leso mbili, kama mtoto, akapanda naye hadi barabarani. Anasema kilichomtisha zaidi kilikuwa wepesi wake. Weveti alikuwa mwanamke wa kubeba gunia la mahindi peke yake.

Zahanati ya karibu ilimwekea maji kwenye mshipa na kumpeleka hospitali moja mjini Embu. Huko madaktari walisema figo zilikuwa zimeanza kushindwa kwa sababu ya kukaukiwa maji. Vipimo vilionyesha bakteria aina ya salmonela, waliokuwa wameingia hadi kwenye damu.

Daktari alimuuliza Kajuju mama alikula nini. Akataja ugali, maziwa, mboga. Kisha akataja firigisi na kachumbari, na akaeleza zilikokatiwa.

"Daktari hakunigombeza. Aliandika tu, akaniuliza kama tunaweza kutembelewa kule sokoni. Lakini kalamu ilivyosimama, nilijua."

Kajuju alibaki Embu, akilala kwa rafiki wa mumewe na kushinda wodini. Alimwogesha Weveti, akamkata kucha, akamsuka nywele zake za mvi mistari midogo kwa sababu mgonjwa alikuwa akilalamika kuwa mto unamvuta. Alimnywesha uji kijiko kwa kijiko, na akiukataa alimsubiri.

"Nilikuwa nafanyiwa kama bibi arusi," anasema Weveti, akitabasamu. "Mwanangu wa kuzaa alikuja akasimama mlangoni akilia. Nikamwambia aende akajenge nyumba za watu. Huyu wa Laare hakulia mbele yangu hata siku moja."

"Nilikuwa naenda nje kulilia kwa kamba ya nguo," anasema Kajuju.

Wakati huo, afisa wa afya ya umma, Bw Misheck Kithinji, alifika sokoni. Kijana huyo, aliyezaliwa Kaaga mjini Meru, alikuwa na kisanduku cha barafu na vijiti vyenye pamba. Kajuju alirudi Siakago kukutana naye, akiwa na hakika kwamba kibanda kinafungwa.

Afisa hakukifunga. Aliomba ruhusa, akapitisha pamba juu ya kigogo, kitambaa na kisu, akachota maji ya ndoo kwenye chupa, na kununua kuku mmoja mbichi. Majibu yaliporudi, alikuja kumweleza mwenyewe. Vijidudu vilikuwa kwenye kigogo, kwenye kitambaa, kwenye kuku, na zaidi ya kote kwenye maji ya kusuuzia.

"Watu hudhani tatizo ni kuku mgonjwa," anaeleza Bw Kithinji. "Kuku anaweza kuwa mzima, anakula, anataga, na bado amebeba vijidudu tumboni. Ukimpasua na kumtumbukiza kwenye ndoo, anaviacha humo. Anayefuata anavichukua. Mpaka jioni ndoo imewagawia wote."

Alimweleza pia kwa nini ajuza aliyekula hivyo miaka yote aliugua wakati huu: umri ulikuwa umepunguza nguvu za mwili, na maji ya ukame yalikaa zaidi bila kubadilishwa. Huenda hata zamani watu waliumwa matumbo, alisema, ila hakuna aliyeunganisha.

Kajuju anakumbuka alichomuuliza. "Nilimwambia, 'Kwa hivyo mimi ndiye nimemlisha mama sumu?' Akakaa chini kwenye kreti ya kuku, na nguo zake safi. Akaniambia, 'La, mama. Hukujua. Lakini leo umejua, na hiyo ndiyo kazi ngumu.'"

Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa kumwambia Weveti.

Alimwambia wodini mchana mmoja, akiwa amemshika mkono. Weveti alisikiliza hadi mwisho, kisha akauvuta mkono wake.

"Hiyo ndoo nimeitumia tangu Kivuti akinyonya," alisema. "Nimelisha harusi za Siakago hii. Nimelisha wachungaji. Sasa unaniambia nilikuwa nalisha watu uchafu?"

Akageukia ukuta. Siku hiyo hakula, na kesho yake alizungumza na muuguzi tu.

"Nilifikiri nimempoteza kwa njia nyingine," anasema Kajuju. "Afadhali angenipiga."

Weveti mwenyewe hafichi aliyoyafikiria. "Niliona aibu. Mtu akizeeka anabaki na kitu kimoja cha kujivunia. Changu kilikuwa mikono yangu."

Kilichomgeuza, anasema, ni muuguzi. Kwa kuwa hakuwa akizungumza na mtu, alibaki kutazama. Aliona muuguzi akitoka kitanda kimoja, anaosha mikono. Anamgusa mgonjwa wa pili, anaosha tena, anahamia wa tatu. Sinki ilikuwa mwisho wa chumba, na bado alirudi kila mara.

"Nikamuuliza, 'Msichana, kwani sisi tunanuka?' Akacheka. Akaniita cucu, yaani nyanya yake, akasema, 'Sitaki ugonjwa wa huyu uende kwa yule.' Basi nikalala nikiwaza ndoo yangu. Ningekuwa muuguzi kwa njia ile, wodi nzima ingekufa."

Jioni Kajuju alipoleta uji, Weveti aliunywa wote. Kisha akamwambia, "Rudi nyumbani, mwari. Anza upya. Mimi nitakuja."

Kajuju alirudi na kuanza. Kigogo alikifanya kuni. Alinunua ubao wa plastiki unaosuguliwa kwa sabuni na maji ya moto, akatenga meza mbili, na Kivuti akamtobolea pipa na kuliwekea mfereji ili maji yatiririke badala ya kukaa. Vitambaa vilichemshwa na kuanikwa juani. Na kila kuku akapata maji yake mapya.

Maji hayo yalikuwa na gharama. Bei ya kuku ilibidi ipande kidogo, na Kajuju akaanza kuwaeleza wateja sababu, pamoja na kilichompata mama mkwe wake.

Hapo ndipo moto ulipowaka.

Mzee Mbogo, mwenyekiti wa wauzaji kuku sokoni humo, anakubali leo kwamba yeye ndiye aliyeitisha mkutano. "Biashara ilianguka," anasema. "Watu waliskia kuku wa Siakago wana sumu. Hoteli zikaanza kupika maharagwe. Tukasema, huyu mama anatumaliza."

Walimzunguka Kajuju mbele ya kibanda chake. Mmoja alimwambia akauze hofu yake kwao Meru. Mwingine akasema kwamba mgeni hawezi kufundisha wenyeji kuchinja. Walimtaka atangaze kwamba alikosea au aondoke kwenye mstari wao.

"Nilitaka kuongea, lakini Kimbeere chote kilinitoka," anasema Kajuju. "Nikabaki nimeshika kisu, na niliogopa hata kukiweka chini, wasifikiri nataka kufanya kitu."

Wakati huo pikipiki ya boda boda iliingia sokoni polepole. Nyuma yake alikaa Weveti, aliyeruhusiwa kutoka hospitalini wiki hiyo na kuamriwa apumzike. Alisikia habari za mkutano kutoka kwa jirani, akamwita kijana wa pikipiki bila kumwambia mtu nyumbani.

Alishushwa kama yai. Akatembea akishika mbao za vibanda, na watu wakampisha, kwa sababu wengi hawakuwa wamemwona tangu augue na sura yake iliwashtua. Alipofika kwa Kajuju akamshika kiuno asianguke.

"Mbogo," alisema, "nani mgeni hapa?"

Hakusubiri wamjibu.

"Huyu si mgeni. Huyu ni mimi. Ndoo ilikuwa yangu, kigogo kilikuwa changu, na mimi ndiye nilifundisha nusu yenu. Mkitaka kumsema mtu, nisemeni mimi, niko hapa. Lakini mniangalie vizuri kwanza. Hivi ndivyo mnataka mama zenu wawe?"

Bw Kivuti, aliyefika akihema baada ya kumkosa mamake nyumbani, alimkuta bado amemshika Kajuju kiuno. Kisha mwanamke mmoja wa vibanda vya mwisho akaleta kiti. Mwingine akaleta maji ya kunywa, na kabla ya kumpa Weveti kikombe, alikisuuza mara mbili.

"Nilimwangalia," anasema Mzee Mbogo. Anavua kofia yake na kuitazama. "Mama yangu na Weveti walikuwa wa rika moja. Nikasema basi. Mkutano umeisha."

Haikuwa muujiza. Hoteli mbili zilizoondoka hazijarudi, na Kajuju amesikia kwamba zinanunua kwa bei ya chini mahali pengine. Kwa miezi kadhaa mapato yake yalikuwa karibu nusu ya zamani, na mtoto wake mkubwa alichelewa kurudi shuleni. Baadhi ya wauzaji bado hutumia ndoo moja maji yakiwa haba.

Lakini wateja wa nyumbani walirudi, wakaleta wengine. Muuzaji wa kibanda cha jirani aliomba kuonyeshwa namna ya kutoboa pipa. Baadaye Mzee Mbogo naye aliomba, akidai ni la mkewe.

Bw Kithinji alipima tena. Ubao na maji ya Kajuju vilikuwa safi. Kuku mmoja kati ya waliopimwa bado alikutwa na bakteria.

"Nilivunjika moyo," anasema Kajuju. "Nikamwambia, si nimefanya yote? Akanieleza kwamba kuku mbichi huwezi kumsafisha mpaka vijidudu viishe kabisa. Sisi tunapunguza. Moto wa jikoni ndio unamaliza. Ndiyo maana nasumbua wateja. Kazi yangu ni nusu, nusu ingine wanaenda nayo kwa kiondo."

Weveti hachinji tena. Mikono yake inatetemeka, na anatakiwa kwenda kliniki kuangaliwa figo. Hata hivyo huja kila siku ya soko. Hupokea malipo, na kwa kuwa pesa hubeba uchafu hakuna anayemruhusu kugusa nyama, sheria aliyoitunga mwenyewe na kuilalamikia.

Firigisi bado anazila, lakini Kajuju huzichemsha kwanza mpaka zikubali, ndipo zinapita kwenye makaa.

"Zimekuwa kama soli ya kiatu," anasema Weveti.

"Mami, tafuna."

"Natafuna. Nani amesema sitafuni?"

Sasa wauzaji wana mpango mkubwa zaidi. Kila mmoja anachanga kidogo kidogo ili wajenge banda la pamoja la kuchinjia upande wa chini wa soko, lenye sakafu ya simiti, mtaro wa maji machafu na bomba lao wenyewe. Mzee Mbogo ametoa nguzo. Kivuti amejitolea kupanga mawe bila malipo, na msingi tayari umefika magotini. Kajuju amechaguliwa kusimamia usafi. Anataka siku moja wauzaji wa masoko mengine waje kujifunza hapo, na anasema atawafundisha kwa Kimbeere, wacheke wakitaka.

Alasiri, biashara ikiwa imepungua, anamshika Weveti mkono na wanatembea taratibu hadi kwenye msingi. Kivuti yuko chini, akipima mawe kwa uzi. Mzee Mbogo anamkaribisha ajuza na kumwambia habari mpya: wanachama wamekubaliana banda liitwe kwa jina lake.

Weveti anatazama mawe, kisha anamgeukia Mbogo.

"Jina mtaweka nikishaondoka," anasema. "Kwa sasa wekeni mfereji."